Paka Wetu Mzee: Namna Tulivyoagana Naye

Pengine mtu akiona kichwa cha habari hii atacheka na kusema: "Watu wana shida za vita, za njaa na za magonjwa, na hawa wamekaa kuandika maneno ya paka!" Na acheke, hatutamkasirikia. Kicheko hicho tulikisikia kwa majirani zetu pia, wala hakikuwa cha ubaya. Lakini tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hii: katika nyumba nyingi mna mnyama mzee, paka au mbwa, aliyefanya kazi miaka mingi, na siku nguvu zake zinapokwisha watu hawajui wamfanyie nini. Ya pili: siku za mwisho za paka wetu zilituletea swali lililo kubwa kuliko paka. Kiumbe aliyetutumikia, akiisha kuwa hana faida tena, je, tuna deni gani kwake?

Kapita na kazi yake

Sisi ni mume na mke, wakaaji wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganika. Kazi yetu ni kununua ndakala kwa wavuvi, kuwaanika juani, na kuwauza kwa watu wanaokwenda bara. Tena tunauza unga wa mihogo na mahindi. Kila mtu aliyepata kuweka magunia nyumbani anamjua adui wake. Panya hali sana, lakini anaharibu sana. Anatoboa gunia, anamwaga unga, anaukojolea, na mnunuzi akiona mavi yake hanunui hata kilo moja. Sumu hatukuitaka nyumbani, maana panya aliyekula sumu huanguka po pote, hata karibu na chungu cha watoto, na kuku au paka akimla aweza kufa naye.

Mwaka 2008 mama mmoja wa sokoni alitupa mtoto wa paka. Hakutaka fedha, tukampa kuku. Paka huyo alikuwa jike, mweusi, mwenye kifua cheupe. Watoto wetu walimwita Kapita, kwa sababu kila jioni, jua likishuka, alizunguka magunia yote, moja moja, kama kapita wa zamani anayehesabu watu wake wa kazi. Akiisha kuyahesabu, alipanda juu ya gunia la mwisho, akaketi, akafumba macho nusu. Usiku tulisikia kishindo kidogo tu, halafu kimya. Asubuhi tulikuta panya amelazwa mlangoni, kana kwamba Kapita anatuonyesha hesabu ya kazi yake.

Alifanya hivyo miaka kumi na mitano. Hatujui ni magunia mangapi yaliokoka kwa makucha yake, lakini tunajua kwamba karo ya shule ya watoto wetu ilitoka katika magunia yale. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka minne Kapita alipoingia nyumbani. Sasa anasoma chuo kikuu Lubumbashi. Kitinda mimba wetu alizaliwa Kapita akiwa tayari paka mzima, na tangu kuzaliwa kwake hakupata kuiona nyumba yetu bila paka yule.

Urafiki wa ghala

Tulipenda kujua urafiki huu wa mtu na paka umetoka wapi. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kwamba babu wa paka wa nyumbani ni paka-mwitu anayekaa Afrika na katika nchi za Mashariki ya Karibu. Yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wa nchi zile walianza kulima ngano na shayiri na kuziweka ghalani. Panya waliifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Mbwa alikuja kwetu kwa kuwinda pamoja nasi. Ng'ombe na mbuzi waliletwa kwa kamba. Lakini paka alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akaona kazi iko, akakaa.

Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji waliona kaburi la kale sana, la miaka 9,500 hivi. Ndani yake mtu amelazwa, na karibu naye amelazwa paka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Tena kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, ndiyo kusema watu walimvusha baharini katika vyombo vyao. Na Herodoto, Mgiriki aliyeandika habari za mataifa katika karne ya 5 kabla ya Kristu, asimulia kwamba huko Misri paka akifa nyumbani kwa kifo cha kawaida, watu wote wa nyumba ile walinyoa nyusi zao. Wamisri walizidisha, maana walimpa mnyama heshima isiyomfaa. Lakini waliona jambo moja la kweli: nchi yao iliishi kwa ghala za ngano, na paka alikuwa mlinzi wa ghala.

Basi mapatano yetu na Kapita hayakuwa mapya. Ni mapatano ya zamani sana: wewe linda chakula, sisi tutakupa mahali pa joto. Tumeandika hayo ili msomaji aone kwamba hatukufuata desturi za watu wa mbali waliowafanya paka kama watoto. Kapita hakulala kitandani, wala hakula katika sahani yetu. Alikuwa mfanya kazi wa nyumba, mwenye haki yake.

Dalili za uzee

Paka wa nyumbani akitunzwa vizuri huweza kufika miaka 12 mpaka 18. Waganga wa wanyama huhesabu kwamba paka wa miaka 15 au 16 ni kama mzee wa miaka 75 au 80. Lakini paka ana tabia moja inayodanganya watu: huficha maumivu yake. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa na mwenzake, na paka hakuisahau sheria hiyo ya porini. Hivyo mpaka wewe uone kwamba anaumwa, yeye ameumwa siku nyingi.

Kwa Kapita dalili ya kwanza ilikuwa maji. Katikati ya mwaka 2023 tuliona anakunywa kuliko zamani. Alikunywa katika bakuli lake, akaenda kunywa katika sufuria zilizolowekwa, akalamba hata matone ya mtungi. Tena alikojoa sana. Baadaye alianza kukonda, na uti wa mgongo ukaonekana kama kamba yenye mafundo. Manyoya yake, aliyokuwa akiyalamba kila siku mpaka yang'ae, yakashikamana kama nyasi zilizonyeshewa. Pumzi yake ikanuka vibaya. Na jioni moja hakuyazunguka magunia yote. Alifika katikati, akalala chini. Siku hiyo watoto hawakucheka.

Tulimwita mganga wa wanyama, ambaye kazi yake hasa ni ng'ombe na mbuzi na kuchanja mbwa. Alikuja kwa moyo mwema. Aliivuta kidogo ngozi ya shingo ya Kapita, akaiachia; ngozi ilirudi polepole sana. "Mwaona?" akasema, "mwili umekauka, ingawa anakunywa mchana kutwa." Akamfungua kinywa, akatuonyesha ufizi uliopauka na vidonda vidogo. Kisha akatueleza kwamba ni mafigo.

Figo, alisema, ni kama chujio. Damu hupita humo, uchafu wa mwili ukatoka kwa mkojo, maji mazuri yakarudishwa mwilini. Figo likizeeka haliwezi tena kuyarudisha maji, yote yanatoka. Ndiyo sababu mnyama anakunywa sana na bado anakauka. Tena uchafu unaobaki katika damu unamtia kichefuchefu, naye anakataa chakula. Ni ugonjwa unaowapata paka wazee wengi. Haurudi nyuma, lakini waweza kupunguzwa ukali.

Alituagiza mambo haya, nasi tunayaandika kwa faida ya wengine. Mpeni maji safi katika bakuli mbili au tatu, asiende mbali kuyatafuta. Chakula kiwe laini na chenye maji, kama samaki aliyechemshwa bila chumvi pamoja na mchuzi wake. Msimnyime maji kwa ajili ya kuzuia mkojo. Hiyo ni kumwua. Mwekeeni sanduku fupi lenye mchanga karibu na mahali anapolala. Mpanguseni kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu paka anaona haya kuwa mchafu. Mlazeni mahali pakavu pasipo na upepo.

Tulimwuliza kama twaweza kumpa kidonge cha parasetamoli, maana jirani mmoja alitushauri hivyo. Akaruka kabisa! Alisema kidonge kimoja tu chaweza kumwua paka, tena kwa mateso, kwa sababu mwili wake hauna njia ya kuisafisha dawa hiyo kama mwili wa mtu. Dawa ya mtu si dawa ya mnyama.

Na neno la hatari tusilisahau. Paka au mbwa akibadilika tabia kwa ghafula, akauma watu bila sababu, akatoka mate mengi au akashindwa kumeza, msimshike kwa huruma. Pengine ni kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama wa namna hiyo, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, halafu aende hospitali siku ile ile, asingoje. Ugonjwa wa Kapita haukuwa huo. Mganga alimpima na kutuhakikishia.

Shauri la gunia

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Kisha ukaja mwezi wa Aprili 2024. Wakaaji wa kando ya ziwa Tanganika hawausahau mwaka ule. Maji yalipanda kuliko watu wengi walivyopata kuona, yakaingia katika nyumba, barabara na masoko, Kalemie kama vile Uvira. Kwetu yalianza uani. Siku ya tatu yalikuwa chini ya meza. Tuliokoa magunia tuliyoweza, sufuria, nguo, madaftari ya watoto. Kitinda mimba hakuwa na mzigo mwingine ila kikapu kimoja kichwani, na ndani ya kikapu alikuwamo Kapita.

Baba yetu mdogo, anayekaa mlimani, alitupokea. Nyumba yake ina vyumba vinne, na usiku ule tulilala watu kumi na saba. Mwenyewe alitoka kitandani mwake ili mama yetu mzee apate kulala. Twayasema hayo kwanza, msomaji asije akamfikiria vibaya kwa maneno yanayofuata.

Siku ya nne Kapita alijichafua juu ya mkeka ambao watoto wadogo walikuwa wanalalia. Baba mdogo alituita pembeni. "Wanangu," alisema, "mnaona wenyewe. Watu hawana pa kuweka miguu. Mnyama huyu amekwisha. Sisi zamani tulimtia paka wa namna hii katika gunia, pamoja na jiwe, tukamtupa katika Lukuga. Ni jambo la dakika chache. Hamwezi mkaniambia kwamba paka ni zaidi ya watoto hawa."

Tulinyamaza, kwa kuwa nusu ya maneno yake ilikuwa kweli kabisa. Mahali hapakuwapo. Uchafu wa mnyama mgonjwa haufai karibu na watoto wadogo. Na paka si zaidi ya mtoto, hata kidogo. Lakini katika maneno yale lilikuwamo gunia, na hapo mioyo yetu ilikataa. Mke ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, akipiga goti kama ipasavyo mbele ya mkwe: "Baba, tumekusikia. Tutamwondoa mkekani leo leo. Lakini magunia yetu yote aliyalinda yeye. Hatuwezi kumtia katika moja lao."

Mzee alitutazama kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Basi mtafutieni mahali. Lakini asile chakula cha mtu." Tuliitikia, nasi tulilishika neno lile. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha kuwekea nyavu. Tulitandika humo kitenge cha zamani juu ya majani makavu. Kapita alikula vichwa vya samaki ambavyo vingetupwa, vikichemshwa na kuchujwa miiba. Hakuna mtoto aliyepunguziwa bukari kwa ajili yake. Nguo zake tulizifua mbali na maji ya kunywa, na kila aliyemshika alinawa kwa sabuni.

Deni letu kwa mnyama

Katika siku zile za kukaa bila kazi, tukingoja maji yashuke, tuliongea sana habari hii. Tulikumbuka kwamba katika Maandiko nabii Natani alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, hakuanza kwa sheria. Alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wake, akala kipande chake, akalala kifuani pake. Daudi hakucheka, wala hakusema, "Ni kondoo tu." Alikasirika kwa ajili ya maskini yule. Tena kitabu cha Mithali chafundisha kwamba mtu mwema huangalia uhai wa mnyama wake. Naye Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, hakuna mmoja anayesahauliwa mbele ya Mungu.

Katekismu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yatia mambo haya katika mizani. Kwa upande mmoja, wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tunapaswa kuwatendea mema; kuwatesa au kuwaua bila sababu hakulingani na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Kwa upande mwingine, twaweza kuwapenda wanyama, lakini tusiwape upendo ule ulio haki ya watu tu, wala tusitumie kwao fedha inayopaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Tulifurahi kuona kwamba baba mdogo na mama wa watoto, pasipo kusoma, kila mmoja alishika upande mmoja wa mizani ile.

Wakristu wengine huuliza: je, ni dhambi kumpa mnyama mgonjwa sindano ya kumlaza ili afe bila maumivu? Kwa mtu, Kanisa linakataza kabisa. Uhai wa mtu si wetu, na mgonjwa aliye karibu kufa huhudumiwa na kusindikizwa, hauawi. Lakini mnyama amewekwa chini ya ulinzi wetu, na kama hakuna tena njia ya kumponya, kumfupishia mateso kwa njia isiyoumiza si dhambi, ni huruma. Tulimwuliza mganga. Alijibu kwa unyofu kwamba dawa inayofaa kwa kazi hiyo haikupatikana Kalemie siku zile, na kutumia dawa nyingine ya kubahatisha ni kumtesa zaidi. Akapima mapigo ya moyo wa Kapita, akasema: "Hana siku nyingi. Kaeni naye tu." Hivyo njia yetu ilibaki moja.

Siku za mwisho

Kaeni naye tu! Neno hilo ni rahisi kusema, lakini kulitenda ni kazi. Watoto waligawana zamu. Mmoja alimpa maji asubuhi kwa ncha ya kitambaa, tone baada ya tone, upande wa kinywa, asije akapaliwa. Mwingine alibadilisha majani. Kitinda mimba alimchana manyoya kwa kitana kilichovunjika meno. Tuliwafundisha wasimwinue kila saa kwa kumhurumia, maana mgonjwa anataka kutulia. Tuliwafundisha pia kutomlazimisha kula. Mwili unaokaribia mwisho hauombi chakula tena, na kumshindilia chakula ni kujifariji sisi, si kumsaidia yeye.

Jioni moja mwanzoni mwa Mei baba mdogo mwenyewe alikuja kibandani. Alikuwa na kichwa cha mukeke mkononi, kimefungwa katika jani. Hakusema neno. Alikiweka karibu na kitenge, akasimama kidogo, akaenda zake. Kapita hakukila, lakini alikinusa, na ncha ya mkia wake ikatikisika.

Usiku ule aliinuka. Tulikuwa tumeketi na taa. Alijaribu kutembea, akafika kwenye nyavu zilizokunjwa, akasimama mbele ya fungu la kwanza, halafu la pili, kana kwamba anayahesabu. La tatu hakulifikia. Tulimrudisha kwenye kitenge. Pumzi yake ikawa ndefu, kisha yenye kukatika. Kabla ya jogoo kuwika alijinyosha miguu, akakata roho. Hakulia. Mkono wa mtoto ulikuwa ubavuni mwake.

Asubuhi mtoto yule alituuliza jambo ambalo wazazi wengi wameulizwa: "Kapita amekwenda mbinguni?" Hatukutaka kumdanganya, wala kumkata kwa ukali. Tulimwambia kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ana roho isiyokufa, naye peke yake ndiye atakayetoa hesabu ya maisha yake. Mnyama hana dhambi wala hukumu. Lakini Mungu hakisahau kiumbe chake. Tulimweleza pia kwamba marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliandika kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'aa, kitakuwa na mahali pake. Namna gani? Mungu anajua. Mtoto aliwaza kidogo, akasema: "Basi Mungu anajua jina lake." Tukamjibu kwamba ndivyo.

Tulimzika mlimani, chini ya mwembe, mbali na kisima. Shimo tulilichimba refu, ili mbwa wasimfukue na maji ya mvua yasimtoe. Hatukuweka msalaba, wala hatukusoma sala za wafu, maana hizo ni za watu. Tuliweka jiwe tu. Kisha tulisimama, tukamshukuru Mungu kwa miaka kumi na sita ya kazi njema, tukanawa mikono, tukarudi kwa watu. Siku ile ile tulianza kubeba matope kutoka nyumbani kwa jirani ambaye maji yalikuwa yamempungukia.

Matunda yaliyobaki

Watu wengine husema huzuni ya mnyama inapunguza huruma kwa watu. Sisi tuliona kinyume chake. Mwaka ule ule, mvua zilipoanza tena, mama yetu mzee aliugua, akalala kitandani wiki nyingi. Hatukuwa na haja ya kuwafundisha watoto. Walijua kumpa nkambo wao maji kidogo kidogo, asipaliwe. Walijua kutopiga kelele, kubadilisha shuka bila kukunja uso, kuketi kimya bila kuchoka. Siku moja tulimsikia kitinda mimba akimwambia binamu yake: "Usimlazimishe kula. Kaa naye tu." Nkambo, ambaye masikio yake yalikuwa mazuri bado, alicheka. Naye, Mungu asifiwe, alipona.

Basi, ndugu wasomaji, kama nyumbani kwenu mna mnyama aliyezeeka katika kazi yenu, msimfukuze nje usiku afe njiani, msimwachie watoto wampige mawe, wala msimtafutie gunia. Mwiteni mganga wa wanyama kama yupo, naye akiwa na dawa ya kumlaza pasipo maumivu, msiogope. Kama hayupo, mpeni maji, mahali pakavu, na mtu wa kukaa karibu naye. Havigharimu hata franka moja. Na watoto wenu wawepo, waone, maana wanajifunza kwetu namna ya kumtendea aliye dhaifu, na wanaanza kujifunza mapema kuliko tunavyofikiri.

Nasi sasa tumerudi katika nyumba yetu, ingawa ukuta mmoja una alama ya maji mpaka leo. Magunia yamejaa tena, na panya nao wamekwisha kupata habari. Wiki iliyopita baba mdogo alishuka kutoka mlimani na kikapu kilichofunikwa. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka, wa rangi ya majivu. "Mwambieni," alisema, "kazi inaanza leo."